Meza Yangu Ni Begi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kujipanga Ukiwa Mizungukoni Dar es Salaam

Kazi yangu ni kuzunguka. Naandika mahesabu ya maduka madogo: genge moja Mbagala, duka la vipodozi Tegeta, stoo mbili Kariakoo na wengine wa hapa na pale. Ofisi sina. Ofisi yangu ni begi la mgongoni, kaunta buku na simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Watu wakiniona natoa risiti ya wiki iliyopita nikiwa nimesimama ndani ya daladala, mkono wa pili umeshika bomba, huniuliza nafanyaje. Haya ndiyo wanayouliza zaidi.

Mtu aliyejipanga unamtambuaje?

Kwa mkono mmoja. Simama kwenye daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, gari limejaa, mkono mmoja uko juu umeshika bomba. Kwa huo uliobaki, bila kuangalia, toa nauli. Kisha toa funguo. Kisha simu, na uirudishe. Ukiweza, umejipanga. Ukilazimika kushusha begi, kumwomba jirani akushikie na kuanza kuchambua, hujajipanga, hata kama begi lenyewe umelinunua laki mbili.

Kipimo hiki nakitumia kwa kila kitu ninachobeba. Kitu ninachokihitaji njiani lazima kipite mtihani wa mkono mmoja. Kile ninachokihitaji nikishafika kwa mteja kinaweza kukaa chini kabisa ya begi, hakina haraka.

Begi la namna gani linafaa?

Lenye mifuko michache. Najua mafundi na wauzaji watakuonyesha lenye zipu kumi na moja. Usinunue. Kila zipu ni sehemu moja zaidi ya kupekua ukiwa na haraka. Langu lina tatu: kubwa ya karatasi na kaunta buku, ya mbele ya kalamu, chaja na kikokotoo, na ile ya ndani inayogusa mgongo, ambayo mtu wa nyuma yangu hawezi kuifungua bila mimi kujua.

Kwenye daladala na mwendokasi begi huja mbele, kifuani. Hii si mbinu mpya, kila mtu wa jiji hili anaifanya, ila ina faida ya pili ambayo haisemwi sana: begi likiwa kifuani unaweza kulitumia kama meza. Mimi huandika juu yake.

Begi la chini ya elfu thelathini pale Kariakoo litakutosha. Kagua mishono ya mikanda pale inapoungana na begi, maana hapo ndipo pa kwanza kuachia. Mkanda ukianza kuachia, mpelekee fundi viatu akupigie uzi wa nailoni. Wale wanashona kuliko kiwanda.

Kila asubuhi natafuta funguo. Nimechoka.

Piga msumari nyuma ya mlango. Ukiingia, funguo msumarini kabla hujavua viatu. Ndiyo dawa yote. Ukiwa njiani, zifunge kwa kamba fupi kwenye kile kitanzi kilicho ndani ya begi. Wengi hudhani kile kitanzi ni pambo.

Nitumie daftari au simu?

Vyote viwili, lakini kila kimoja na kazi yake. Usiandike jambo moja sehemu mbili.

Simu inashika yale yanayotaka kelele: miadi, siku ya kulipa kodi ya nyumba, dawa za mama. Alamu italia hata kama umesahau kuwa uliweka. Daftari linashika yale yanayotaka kufikiriwa au kubishaniwa. Nikimwandikia mteja deni lake mbele ya macho yake, naye akaliona kwa wino, mabishano ya mwisho wa mwezi yanapungua nusu. Wahenga wetu walilimaliza hili zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naweza kusema ndiyo tangazo la kazi yangu.

Daftari la mfukoni liwe dogo, la kutosha kiganja. Kaunta buku lile la kwaya mbili linakaa kwenye begi kwa mahesabu ya mwisho wa siku. Kalamu iwe ya kawaida, ya mia tano au chini ya hapo. Zile za jeli zinaandika vizuri lakini tone moja la mvua likiangukia ukurasa, tarakimu zinachuruzika. Penseli haichuruziki kabisa, na haikauki wino katikati ya sentensi.

Kuna kitu cha tatu, cha katikati: ukurasa wa kujitumia mwenyewe ujumbe kwenye WhatsApp. Unajitafuta kwenye orodha ya namba, unajiandikia kama unavyomwandikia rafiki. Huko natupia yale ya haraka, bei niliyoiona dirishani, jina la dawa, picha ya bango. Jioni napitia ukurasa ule, kila kimoja nakihamishia kinapostahili au nakifuta. Usipoufuta unageuka dampo.

Mbona naweka kumbukumbu kwenye simu halafu bado nachelewa?

Angalia saa uliyoandika. Hili ndilo kosa linalotugharimu kuliko yote sisi tunaofikiri kwa Kiswahili huku simu zetu zikihesabu kwa namna nyingine, na sioni watu wakilizungumza vya kutosha.

Mama mmoja mwenye duka Mbagala aliniambia nifike saa tatu. Nilikuwa natembea, nikaingiza haraka kwenye kalenda: 3:00. Simu, bila kuniuliza, ikaweka saa tisa alasiri. Nikatokea nimetulia, nimeshiba, nikakuta amekaa kwenye kreti la soda nje ya duka lililofungwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, nimekungoja tangu saa tatu. Nimeacha kwenda Kariakoo kwa ajili yako."

Sikuwa na la kusema. Nilimwonyesha simu, naye akaitazama kama mtu anayeonyeshwa cheti cha kughushi.

Tangu siku hiyo nina sheria mbili. Ya kwanza, simu yangu inaonyesha saa kwa mtindo wa saa 24, si ule wa mara mbili kumi na mbili. Saa tatu asubuhi ni 09:00, saa tisa alasiri ni 15:00, saa mbili usiku ni 20:00, hakuna kuchanganya. Ya pili, kwenye jina la miadi naandika kwa maneno: "Mama Mbagala, saa tatu ASUBUHI". Tarakimu kwa ajili ya simu, maneno kwa ajili yangu.

Tahadhari hiyohiyo ihamie kwenye tiketi. Basi la mkoani linaloondoka alfajiri linaweza kuandikwa 06:00 au saa 12:00 asubuhi kutegemea aliyeandika. Na usiku ni mtego mkubwa zaidi: mtu akikuambia "usiku wa Ijumaa, saa saba", muulize kama ni ule wa kuamkia Ijumaa au wa kuamkia Jumamosi. Kwa kalenda ya simu, siku imeshabadilika saa sita usiku. Ukibisha utaachwa stendi.

Karatasi zangu hulowa. Nifanyeje masika?

Zamani dawa ilikuwa mfuko wa rambo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku, ile mifuko mbadala tunayopewa dukani inapitisha maji kama chandarua. Nenda stesheneri ukanunue foda ya plastiki ngumu yenye zipu au kifungo, inayoonyesha ndani. Moja ya karatasi za leo, moja ya nakala za vitambulisho. Kuonyesha ndani ndiyo faida yenyewe: huhitaji kuifungua ili ujue kilichomo.

Masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba, naongeza kitu kimoja: kipande cha kanga kuukuu chini ya begi. Kinafuta simu, kinafuta kiti, kinafunika kichwa. Mwavuli siubebi, ndani ya daladala unalowesha watu watano ili wewe mmoja ubaki mkavu.

Karatasi halisi, yaani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, hati ya kiwanja, hazina kazi barabarani. Tembea na kopi, na kama ofisi unayoenda inataka zilizogongwa muhuri wa wakili, gongesha tatu kwa mpigo. Utazihitaji tena.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, nitaikumbuka vipi? Ni ndefu mno.

Ni tarakimu 20, ila huhitaji kukariri 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa, kwa mpangilio huo. Zinazobaki ni 12, nazo zimegawanywa kwa vistari: tano, tano, mbili. Zisome kama namba ya simu kwa wiki moja.

Nilitunza risiti zote, nimekwenda kuzitazama ziko nyeupe!

Pole. Risiti za mashine za EFD huchapwa kwa joto kwenye karatasi maalumu, hazina wino. Joto lililoziandika ndilo linalozifuta: ziache kwenye dashibodi ya gari au ndani ya pochi inayokaliwa kutwa, na baada ya miezi michache utabaki na karatasi ya kuwashia jiko.

Piga picha siku hiyohiyo. Usingoje jioni, maana jioni utakuwa na nane na utachoka. Iweke juu ya begi, nyoosha kona, hakikisha jina la duka, tarehe, jumla na ule mraba wa QR vinasomeka. Kwenye simu nina albamu ya kila mwezi: "Risiti Machi", "Risiti Aprili". Karatasi yenyewe naitia kwenye bahasha ya kaki, nayo haikai juani. Wateja wangu watatu walishaokolewa na picha pale walipotakiwa kuonyesha manunuzi.

Hela niibebeje?

Kwa mafungu. Bibi zetu walijua hili: ya sokoni iko kwenye pochi, ya maana iko kibindoni, kwenye pindo la kanga, na hakuna aliyewahi kumwona bibi akifungua kibindo mbele ya konda.

Nauli yangu hukaa mfuko wa kulia wa suruali, sarafu na noti za elfu moja tu. Asubuhi nahakikisha kuna za mia mia na mia mbili, kwa sababu ukimpa konda elfu kumi saa moja asubuhi utasikia maneno, na chenji utaikumbuka ukiwa umeshashuka. Hela ya matumizi ya siku iko kwenye pochi. Ya mteja haichanganyiki na yangu hata kwa dakika moja: inaingia kwenye bahasha yake, juu nimeandika jina na kiasi, nimefunga kwa mpira. Nikiipokea kwa simu, ujumbe wa muamala siufuti mpaka hesabu ya mwezi ifungwe.

Namba ya siri haiandikwi popote. Wala kwenye daftari kwa mafumbo. Mafumbo yako mtu anayekujua atayafumbua.

Namba za watu nimejaza kwenye simu lakini simpati ninayemtaka. Kuna mbinu?

Hifadhi mtu kwa kazi na mahali. Jina peke yake halisaidii. Nina akina Juma sita. "Juma Fundi Bomba Tabata" nampata kwa kuandika "bomba", na bomba likipasuka usiku hilo ndilo neno litakalonijia kichwani, siyo Juma. "Mama Asha Mchele Tandale". "Dogo Boda Kituo cha Mwenge".

Wale unaowatumia hela waongezee neno la malipo: "Baba Mwenye Nyumba KODI". Hapo unapata kinga ya bure dhidi ya wale jamaa wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ujumbe huo huingia siku uko mbioni, ukiwa kweli unadaiwa, na mtu aliyechoka hutuma. Lakini kama mwenye nyumba ana jina kwenye simu yako, ujumbe unaotoka kwenye namba tupu unajisema wenyewe. Mpigie kwanza kwa namba unayoijua.

Nikiwa na safari tano kwa siku, nipangeje?

Kwa barabara. Umuhimu wa jambo uje baadaye. Itazame ramani ya jiji: barabara kubwa zinatoka katikati kama vidole. Kilwa inakwenda Mtoni na Mbagala. Nyerere inapita Tazara na uwanja wa ndege hadi Gongo la Mboto. Morogoro inapanda Magomeni, Ubungo, Kimara, Mbezi. Bagamoyo inapita Mwenge kuelekea Tegeta na Bunju. Kuruka kutoka kidole hadi kidole ndiko kunakomaliza siku, kwa kuwa utarudi mjini au utaingia Mandela, na Mandela ina malori ya bandarini ambayo hayana haraka na wewe.

Kwa hiyo daftari langu lina ukurasa wa kila barabara. Jambo likijitokeza silipangii siku, nalipangia barabara. Mteja wa Tegeta akisema "pitia ukipata nafasi", linaingia ukurasa wa Bagamoyo. Alhamisi nikienda huko naufungua, nakuta mambo manne yananingoja: mahesabu ya duka la vipodozi, kopi za kupeleka Mwenge, viatu kwa fundi, salamu za shangazi Mbezi Beach. Nauli ni ileile.

Mabadiliko yapo. Mvua ikipiga sana, mto Msimbazi hujaa na Jangwani hufungwa, na ukurasa wa Morogoro nao unafungwa. Siku kama hiyo nafungua Kilwa. Kwa wa Kigamboni, kadi ya pantoni iongezewe salio ukiwa nyumbani. Foleni ya kivukoni siyo mahali pa kugundua kwamba imekwisha.

Na usipange mambo sita kwa siku. Matatu, manne yakizidi. Mwendokasi ilipoanza mwaka 2016 nilijidanganya kuwa sasa nitamaliza sita na muda wa kusoma gazeti ubaki. Gazeti lenyewe sikupata nafasi ya kulikunjua.

Simu huzima saa nane mchana. Ninunue pawabenki kubwa kiasi gani?

Ya 10,000 mAh inatosha. Ila usitegemee kwamba itajaza simu ya 5,000 mara mbili. Takribani theluthi ya umeme hupotea ukigeuzwa kutoka betri kwenda kwenye waya, hivyo utajaza mara moja na kidogo. Ya 20,000 ni nzito kama tofali na utaiacha nyumbani wiki ya pili. Ukipanda ndege kwenda Mwanza, pawabenki inakaa kwenye begi la mkononi, haiingii kwenye mzigo unaokabidhi kaunta.

Waya uwe mfupi, wa shibiri moja. Mrefu unajifunga na kalamu, kikokotoo na maisha yako yote.

Ukiweza, beba na kiswaswadu chenye laini yako ya pili. Hukaa na chaji siku kadhaa, kina tochi, na ukikitoa dirishani hakuna anayekitamani.

Programu gani ya kulipia unanishauri?

Hakuna. Kalenda, alamu, kikokotoo na kamera vimo tayari.

Nimeporwa simu. Nianzie wapi?

Mwombe mtu simu, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako wafunge laini na akaunti ya hela. Hilo kwanza, dakika hiyohiyo. Kisha benki. Kisha kituo cha polisi kupata ripoti ya upotevu, kwa kuwa utaihitaji kurudisha laini na huenda vitambulisho pia.

Haya yote ni rahisi kama ulijiandaa, na maandalizi yanachukua dakika tano. Bonyeza *#06# sasa hivi, itatokea namba ya IMEI ya simu yako, tarakimu 15. Iandike kwenye kaunta buku, siyo kwenye simu (utacheka, lakini nimeshaona mtu aliyeipiga picha kwa simu hiyohiyo). Kwa namba hiyo kifaa kinaweza kufungiwa kwenye mitandao. Bonyeza pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, nenda kaifute. Mwisho, kariri namba mbili za watu wako wa karibu. Mbili tu. Mtu aliyeporwa pale Ubungo usiku akashindwa kukumbuka hata namba ya mke wake nilikuwa mimi.

Na daftari likipotea? Lenyewe halina namba ya siri.

Ndiyo maana halina siri ndani yake. Madeni naandika kwa herufi za kwanza za majina, na kila jioni napiga picha kurasa za siku hiyo.

Ila ukurasa wa kwanza nimeandika wazi, kwa herufi kubwa: "UKILIOKOTA NIPIGIE, NITAKUPA YA SODA", na namba. Mwaka jana nililisahau kwenye siti ya nyuma, gari la Gongo la Mboto. Sikujua hata limebaki wapi. Saa mbili usiku simu ikaita.

"Anko, wewe ndiyo mwenye daftari la madeni?"

"Ndiyo mimi, kaka."

"Lipo kwangu, mimi konda. Nimelisoma. Huyu M.S. wa Mbagala anadaiwa sana aisee."

Nilimkuta kesho yake alfajiri kituoni, gari linajaza abiria. Akanirushia daftari kupitia dirishani, nami nikampa ya soda mbili.